Bibi Aliyechelewa Kujibu

Katika ukoo wetu fundi ni mmoja tu, na kwa kuwa ndiye anayeandika, mmeshamjua. Redio zilizokata kauli nimezirudishia sauti mpaka majirani wakaniita Daktari wa Mabubu. Mimi na darasa la sita tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Kwa hiyo nikisema mpwa wangu, binti wa dada yangu, huyu ambaye leo watu wanamwita Injinia, alishika chuma cha kulehemu kwa mara ya kwanza mezani kwangu akiwa na miaka tisa, msidhani najisifu. Najisifu, ndiyo, lakini ni kweli.

Kazi yake ilichukua muda kunikaa kichwani. Alisema anatunza maktaba. Nikamuuliza vitabu viko wapi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mjomba, sikiliza. Hapa una kompyuta, pale una kipimajoto. Hawaelewani, kila mmoja na lugha yake. Katikati lazima awepo mkalimani. Mimi naandika hao wakalimani, nawaweka pamoja, hiyo ndiyo maktaba. Mtu yeyote duniani anachukua bure."

"Bure kabisa?"

"Bure. Anasoma, anabadilisha, akiona kosa ananiletea."

"Na asante?"

"Asante hupotea njiani. Matusi ndiyo yanayofika kwa wakati."

Ofisini alikuwa akitengeneza programu za bima, kazi aliyoisema kwa mdomo uliopinda kama anayemeza kwinini. Maktaba aliihudumia alfajiri kabla ya kazi na siku za mapumziko, miaka kumi na moja mfululizo. Chumba cha nyuma kilikuwa na rafu tatu, na juu yake vifaa zaidi ya mia moja, kila kimoja ndani ya kopo lake na karatasi ya jina. Vingine alinunua, vingi alitumiwa na watu asiowajua. Kabla ya kutoa toleo jipya la maktaba alivichomeka kimoja kimoja kwa mkono, akikiuliza swali na kusubiri jibu, kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Nilimtania sana. "Wenzako wanalea watoto, wewe unalea makopo." Alijibu bila kuinua macho, "Makopo hayana mjomba wa kuyafundisha utundu."

Mmoja wa hao wanafunzi aliitwa Bibi. Bodi ndogo ya kipimajoto, upana wa kiberiti, iliyotolewa kwenye friji ya chanjo iliyokufa na kutumwa na nesi wa zahanati ya mbali. Kichipu chake kilitoka kiwandani na kasoro. Ukimuuliza Bibi joto, anajivuta. Ukimharakisha, hanyamazi, anakupa jibu la mara ya mwisho. Friji inaweza kuwa na joto la jikoni, yeye akakwambia nyuzi nne, kwa kuwa alipoulizwa mara ya mwisho zilikuwa nne. Ndugu zake Bibi walikuwa bado ndani ya mafriji ya zahanati ndogo kwa mamia. Ndiyo maana Injinia alimwandikia mkalimani wao amri moja: uliza, kisha subiri. Na ndiyo maana kopo lile lilikuwa na maandishi mekundu: BIBI. USIGUSE.

Sasa, mwezi wa mkasa huu, umoja wa zahanati zinazoitumia maktaba kupima mafriji yao ulikuwa unaamua maktaba ibaki mikononi mwa nani. Kampuni moja kubwa iliitaka. Ilisema mtu mmoja na rafu zake si mikono salama. Injinia alikuwa na jibu moja tu, na alinieleza akiwa anakausha vyombo.

"Miaka kumi na moja, Mjomba, hakuna friji iliyomdanganya mtu kwa sababu yangu. Sina kingine cha kuwaonyesha."

Wakati huohuo mtu fulani asiyemjua alimletea mabadiliko: ondoa kusubiri, kila kitu kiende kwa kasi mara mbili. Wengi walishangilia. Injinia akasema, "Bibi akikubali, na mimi nimekubali. Asipokubali, hakuna mjadala."

Hapo ndipo nilipoingia mimi na sanduku langu la zana. Karakana yangu ilikuwa inaezekwa upya, dada, anayeishi na bintiye, akaniambia njoo ukae kwetu wiki mbili. Alhamisi Injinia akampeleka mama yake kwa daktari wa macho. Nikabaki na nyumba, chai na rafu tatu.

"Usiguse" huandikiwa watu wasio na fani. Nikamtoa Bibi. Daftari la mpwa wangu lilikuwa wazi mezani: *huchelewa kujibu*. Nikacheka. Msomi mzima na mashine zake, anaishi na ugonjwa ambao mimi nautibu kabla chai haijapoa! Kwenye boksi la vibovu kulikuwa na bodi ya aina ileile, ya toleo la baadaye, iliyovunjika pembeni, kichipu chake kizima. Nikachomoa cha Bibi. Kimguu chake kimoja kikakatika, nikakitupa kwenye taka. Nikapachika kile kingine. Dakika ishirini. Nikamuuliza joto kwa kifaa cha majaribio kilichokuwa mezani, akajibu papo hapo, kama msichana aliyeitwa na mchumba.

Mtauliza mbona sikusema. Sifa, wanangu, haziliwi zikiwa baridi, na haziliwi na watu wawili tu. Jumapili ukoo wote ungekuja kula pale. Nilizihifadhi.

Jumamosi asubuhi Injinia akaita majina. Akafika kwa Bibi. Nikasikia kelele.

"Mjomba! Bibi kakubali! Nimejaribu mara hamsini, hajakosea hata mara moja!"

Akanikumbatia. Nami nikalipokea kumbatio lile kama haki yangu. Kabla ya saa sita toleo jipya lilikuwa limetoka na kuingia lenyewe kwenye kompyuta za zahanati, halina kusubiri.

Jumapili, sahani zimejaa, nikagonga glasi kwa kijiko. "Jamani, nina neno." Simu ya Injinia ikaita kabla sijalisema. Alikuwa yule nesi. Tulimsikia mezani: "Dada, umeme wetu umekatika tangu jana alasiri, ukigusa friji ni ya moto, lakini kipimo, kinachotumia betri, kinasema nne."

Injinia akaondoka mezani. Saa moja baadaye amri ya kusubiri ilikuwa imerudi mahali pake. Lakini zahanati kumi na saba zilimwaga chanjo zao. Ni bahati tu kwamba hakuna mtoto aliyedungwa zile zilizoharibika.

Jumatatu hakwenda kazini. Nilimkuta chumba cha nyuma, Bibi chini ya kioo cha kukuzia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Kuna mtu amemshika Bibi?"

Mimi, ambaye nimewahi kudai natengeneza helikopta, nikasema, "Mimi vitu vya kompyuta navijulia wapi, mwanangu?"

Aliniangalia kidogo tu. Kisha akarudi kwenye kioo. Ninapolehemu huvutia chuma upande wa kushoto, tone linabaki na kimkia kama cha kiluwiluwi. Hakuna fundi mwingine ninayemjua anayeacha mkia huo. Hata yeye alikuwa nao kwenye kazi zake miaka mingi, kwa kuwa ndivyo nilivyomfundisha, mpaka chuo kikamwachisha.

"Haya, Mjomba," akasema. "Chai iko jikoni."

Jioni hiyo aliuandikia umoja wa zahanati. Dada alinisomea, miwani mipya puani: "Nilipima kwa kifaa ambacho hakikuwa tena kile nilichokidhani. Sikukikagua. Kosa ni langu." Dada akauliza maana yake nini. Nikasema mambo ya wasomi.

Maktaba ikaenda kwa kampuni. Katika toleo lao la kwanza walifuta vifaa vyote vya zamani; hawana rafu, nani atavipima? Nesi akaandika tena: kipimajoto chetu hakitambuliwi, tufanyeje? Injinia alimjibu kwamba funguo za maktaba hana tena, anunue kipya. Siku hizi ni bima tu, asubuhi mpaka jioni. Makopo aliyarudisha kwa wenyewe, waliopatikana.

Bibi alinipa mimi. "Chukua, Mjomba. Kwako atafaa." Hakutabasamu, wala hakununa.

Yuko hapa karakanani. Nimejaribu kumrudishia ugonjwa wake. Nimebadilisha hiki, nimechoma kile, nimetafuta vichipu vya aina ile mpaka kwenye majalala. Ama hufa kabisa, ama hupona. Namwuliza joto, ananijibu kabla sijafunga mdomo, na kila mara anasema kweli. Kazi safi. Mleteni fundi yeyote aitazame.