Kidole Kilichoua Maboga ya Bibi

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa maji na kuni pale Kemambo, miaka ile dhahabu ilipowatoa wanaume mashambani, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kumsaidia Bibi bustanini. Mama alikuwa amekwenda kwao Susuni kumuuguza mama yake, akaniacha kwa Bibi mzaa baba. Baba alishinda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, akarudi jioni mweupe kwa vumbi mpaka kope. Shamba la mahindi lilikuwa limemezwa na magugu. Kilichotulisha ni bustani ya nyuma ya nyumba ya Bibi: mgagani, ambao sisi tunauita chinsaga, kunde kidogo, na maboga.

Mvua ya mwaka ule haikuwa na adabu. Ilitangulia kabla watu hawajamaliza kulima, ikanyesha siku nne, tukapanda kwa furaha, kisha ikapotea wiki tatu. Bibi akawa anaisema kama mtu anavyomsema mkwe mvivu. "Ulikuja kuniamkia tu, ukaondoka?" aliiuliza mbingu, mikono kiunoni. Tulimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, kikombe kimoja kwa kila shina, na jua likipanda tunaifunika miche kwa majani ya migomba.

Iliporudi ikaja na mawe. Bibi alitoka mbio na masufuria yote ya nyumbani, akayafunika juu ya maboga machanga, na mvua ya mawe ikayapiga kwa kelele mpaka nikacheka nikakohoa. Siku hiyo ugali ulichelewa kwa sababu sufuria lake lilikuwa bustanini. Nikiulizwa leo utoto wangu ulikuwaje, mimi hukumbuka kwanza yule mama mzee aliyelowa chapachapa, ananicheka mimi ninayemcheka yeye.

Sasa, Bibi alikuwa na katazo moja lisilo na mjadala. Boga changa halinyooshewi kidole. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Ukilinyooshea, litanyauka na kudondoka na ua lake. Si katazo la Bibi peke yake, waulize akina mama wa kule kwetu. Mimi nililishika kuliko amri za kanisani, maana sikuwahi kumwona aliyevunja amri za kanisani akinyauka.

Ile mvua ya mawe ilichimbua udongo katikati ya maboga, ikaacha jiwe jeupe lenye mstari wa rangi ya kutu. Nilikuwa nalichezea uani siku iliyofuata, baba alipoingia na Marwa, mchimbaji mwenzake.

"Shikamooni," nikasema.

Marwa hakuitikia. Alininyang'anya lile jiwe, akalilamba, akaligeuzageuza juani kutafuta dalili ya dhahabu.

"Bhoke, hili umelitoa wapi?"

"Pale."

Nikanyoosha kidole. Kilinyooka hasa, kuelekea katikati ya maboga.

"Kunja kidole, wewe!" Bibi alifoka kutoka mlangoni, alikokuwa anachambua chinsaga. Nikakikunja, lakini wanaume wawili walikuwa tayari wameshaona mahali.

"Mama, tuchimbe wiki moja tu," baba akaanza kubembeleza. "Tukikosa, nafukia mwenyewe."

"Mura, mwanangu, mtoto anakula hapo."

"Tukipata atakula nyama."

"Na mvua ikija?"

"Mvua gani tena, Mama? Si imeshakata?"

Babu alikuwa amekufa, na mwenye neno juu ya ardhi ile alikuwa baba. Bibi alichuma majani aliyoweza kuchuma, akahamishia mashina machache pembeni ya zizi, akaingia ndani. Kwa siku nne nilisikia sururu nyuma ya nyumba. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama maboga yaliyobaki, mikono nimeifungia mgongoni, nikiyaomba yasidondoke. Mstari wa kutu ulififia siku ya tatu, na chini yake palikuwa na mwamba mtupu. Marwa akakata tamaa, akarudi kwenye duara lao la zamani. Baba akaendelea peke yake, kwa ukaidi.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, mvua ikashuka yote kwa pamoja. Baba alitoka shimoni akakimbilia chini ya paa. Tukasimama mlangoni watatu, tukatazama. Maji yaliingia shimoni, ukingo ukamong'onyoka, maboga yakavutwa pamoja na matawi yake mpaka ndani, na lile rundo la udongo aliokuwa ameutoa likateremka juu ya chinsaga na kunde. Ilichukua muda mfupi kuliko kusonga ugali. Hata masufuria yasingesaidia.

Mvua ilipokatika, majirani wakaja. Baba alikuwa ameingia kwenye tope mpaka magotini, sururu mkononi, kama kwamba kuna kitu anaweza kukiokoa.

"Mama," alisema.

Bibi alikwenda mpaka ukingoni. Alimtazama mwanawe, kisha mkono wake wa kulia ukapanda taratibu mpaka kifuani, ukashika ziwa lake. Wanawake wote wakarudi nyuma hatua. Jirani mmoja alinivuta nyuma kwa bega. Kwetu, mama akilishika ziwa alilomnyonyesha mwanawe na kumtamkia neno la uchungu, mwana huyo amekwisha, na hakuna mzee wala mchungaji atakayelirudisha neno lile. Nilimwona baba yangu, mwanamume wa miraba minne, anaidondosha sururu kwenye tope.

Bibi alifumbua mdomo, akaufumba. Akashusha mkono. Kisha akageuka akanionyesha mimi, kidole amekikunja, kwa kifundo.

"Ni huyu Bhoke," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Aliyanyooshea maboga yangu kidole. Nilimkataza."

Wanawake wakashusha pumzi. "Ah, watoto hawa!" mmoja akasema, karibu acheke. Baba akapanda kutoka kwenye tope.

Nililia mpaka jioni, kwa kuwa niliamini. Masika yale tulikula ugali kwa chumvi na mboga za porini, na kila tonge nililomeza nililiona deni langu. Bibi hakunigombeza tena hata siku moja. Alipomtembelea dada yake kule Nyansurura alirudi na mbegu mpya, tukazipanda pamoja. Baba hakurudi duarani. Asubuhi iliyofuata mvua ile alichukua jembe akaanza kupalilia mahindi, na sururu ikaota kutu ghalani. Lakini watoto wenzangu walinipa jina, Kidole, na likanata. Akina mama wakiniona naikaribia bustani yao walipiga kelele kama wanaofukuza nyani. Mpaka naolewa Mugumu, kuna shangazi aliyeniimbia jina hilo mbele ya wakwe.

Nimeshalima maboga yangu mengi tangu hapo. Najua yanadondoka nyuki wasipokuja, najua yanaoza mvua ikipotea na kurudi kwa fujo. Hata hivyo sikuwahi kumuuliza Bibi. Nilimuuliza baba, wiki moja baada ya kumzika Bibi, tukiwa tunapukuchua maharage.

"Baba, ni kidole changu kweli?"

Aliendelea kupukuchua. "Uliuona mkono wake?"

"Niliuona."

"Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Ilibidi aliweke mahali."

"Akaliweka kwangu."

"Wewe ulikuwa mtoto. Kwako lingekuwa utani. Kwangu lingekuwa kaburi."

"Na ulijua?"

"Siku ileile."

Nilikasirika, sitaficha. Miaka yote ile alisikia ninavyoitwa, na mara nyingine aliniita yeye mwenyewe, akicheka. Watu wazima wawili walinitwika mzigo wao, nami nikiwa sijafikisha miaka kumi. Nilitaka kunyanyuka niondoke. Kisha nikamkumbuka Marwa. Duara lao, lile ambalo baba hakulirudia, lilimfukia kabla ya mavuno ya mwaka uleule, na mwanawe, wa rika langu, akawa anashinda kwetu. Yeye ndiye aliyeniita Kidole kwa sauti kubwa kuliko wote. Jioni tukikaa kula, yeye na mimi, aliyetukatia ugali na kutugawia mboga alikuwa baba yangu. Nilisogeza ungo wa maharage karibu na magoti ya baba, nikaendelea kupukuchua.