Pumzi ya Kwa Koko

Binti yetu alipumua vizuri zaidi kwa mama mkwe wangu, kule Kajiado, kuliko kwangu mimi mama yake mzazi. Kwetu Kitengela kifua chake kilipiga filimbi na mbavu zikadidimia kila akivuta pumzi. Akikaa wiki moja kwa nyanyake, anayemwita Koko, anarudi akirukaruka kama mwana-mbuzi. Wivu ulinila, sifichi.

Daktari alisema ni pumu, akatupatia dawa ya kuvuta. Mimi niliona adui ni baridi. Nilifunga madirisha, nikamvika masweta mawili, nikamwacha ajilaze kwenye zulia nene la manyoya, fahari ya sebule yangu.

Mume wangu akaamua mtoto ahamie Kajiado, asomee huko huko. Mtoto wangu! Nikampeleka mwenyewe likizo hiyo, lakini nilikwenda kutafuta kosa. Najua akina mama wa kule husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na moshi hujaa nyumba nzima. Niliungoja moshi huo kwa hamu. Mama mkwe akabeba vibuyu vyake hadi nyuma ya zizi.

"Mama, si hii kazi mlikuwa mnafanyia ndani?"

"Ilikuwa kitambo. Niliona huyu mtoto nikiwasha anakohoa, nikizima ananyamaza. Sasa nafanyia huku na hii jua yote." Akanitazama. "Na kwako, huwa anakohoa akiwa wapi?"

Nilimpigia baba yake simu, nikamwomba anipe muhula mmoja tu kabla ya kumhamisha, nikarudi na mtoto pajani, nimeudhika njia nzima. Nikaanza kuangalia. Akicheza nje, salama. Akilala zuliani, filimbi. Daktari akakubali kwamba ni vumbi la zulia. Nikalitoa, nikafungua madirisha, nikafua blanketi kwa maji moto, na dawa nikampa kama ilivyoagizwa, hata siku asizokohoa. Kifua kikatulia. Habari ya kuhama ikafa.

Shule zilipokaribia kufungwa, mama mkwe akapiga simu.

"Bado anakohoa?"

"Hapana, mama. Hakohoi kabisa." Nilisema kwa raha, tena polepole.

"Sasa atakuja huku kufanya nini?"

"Kukuona wewe," nikasema. Neno hilo lilinichoma kulitamka, kwa sababu lilikuwa kweli.