Arobaini na Nane ya Fizikia

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na hasira zake ziko karibu. Makofi yake nimeyala tangu utotoni, kwa hiyo asije mtu kuniambia eti ana roho nzuri.

Siku ile binti yake alirudi na karatasi ya fizikia ya mtihani wa majaribio. Mtihani wenyewe wa taifa ulikuwa wiki inayofuata. Kaka akaisoma pale mlangoni mwa karakana, nami nimesimama kando: arobaini na nane kwa mia.

"Hata nusu hujafika. Geti nikiliunga nusu, si litamwangukia mtu?"

"Baba, madaraja bado hayajapangwa, mwalimu kasema..."

Alimnasa kibao, kisha akaokota nondo. Mtoto akakinga kichwa kwa mkono wa kulia. Mfupa niliusikia ukivunjika, na bado kaka akainua nondo tena. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Akanibwaga juu ya vyuma, na wifi akatumwagia ndoo ya maji kama mbwa wanaopigana.

Mwalimu alitukuta hospitali, mkono umeshafungwa plasta. Kaka akamkaba shati, akambamiza ukutani.

"Wewe ndiye unayewafundisha ujinga!"

Mwalimu alijifuta damu mdomoni. Akaeleza polepole, maana hakuwa na pa kukimbilia. Karatasi ilikuwa ngumu mno. Ikiwa hivyo, wasahihishaji wanaangalia kwanza watahiniwa wote wamefanyaje, ndipo mipaka ya madaraja inashushwa. Aliyeongoza alipata hamsini na moja.

"Huyu wako ni wa pili. Hiyo arobaini na nane ni A, mzee."

Kaka akaachia shati, akakaa chini sakafuni.

"Na huo wa taifa? Si nao watashusha?"

"Wakishusha, ni kwa sababu ya ugumu wa karatasi. Mkono uliovunjwa na baba haumo kwenye hesabu hiyo."

Nilifurahi kumwona akilia, sifichi. Nilitaka alie zaidi.

Binti aliandika mtihani kwa mkono wa kushoto, akafika katikati muda ukaisha. Nusu aliyoijibu aliipata karibu yote. Lakini karatasi ya mwaka ule ilikuwa nyepesi, wenzake wakazoa alama, mipaka ikapandishwa. Akaangukia chini ya mpaka wa kufaulu.

Matokeo yalipotoka, kaka alikuja kwangu, maana mtoto nilikuwa nimeshamhamisha. Alisimama nje akiomba amwone. Binti alitikisa kichwa, nikasukuma komeo.