Wasifu wa Bibi na Printa Isiyoonekana

Mimi si msemaji. Bibi ndiye alikuwaga ananisemea. Likizo, kule kwake Suguti, wageni wakiniuliza shule inaendaje, anajibu yeye: "Anasoma huyu. Mwacheni ale furu wake." Furu ni samaki wadogo wa ziwani, miba mitupu, na bibi alinitolea miba mpaka nimefika kidato cha pili.

Mwaka huo alifariki. Asubuhi ya mazishi tulikuwa Musoma kwa shangazi, ambaye hufanyia kazi nyumbani. Wasifu wa bibi aliuandika kwenye laptopu ya ofisi. Gari linaondoka saa tatu. Saa mbili na nusu printa imegoma. Ipo mezani, imewaka, laptopu inasema haionekani.

Baba mdogo akaizima, akaiwasha. Akatoa wino, akaupuliza, akaurudisha.

"Dada, hii imeshakufa. Soma tu kwenye simu."

"Mama yangu nimsomee kwenye simu, kama natafuta namba ya fundi? Wasifu wa baba ulisomwa kwenye karatasi, na karatasi tunayo mpaka leo. Halafu wiki iliyopita ilichapa vizuri, na VPN nimewasha hivihivi."

Mimi nilishajua. Jana yake, alipomaliza kazi na kuzima VPN, ile njia ya mtandao inayoiunganisha laptopu na ofisi, ratiba ya mazishi ilitoka bila shida. Nikaona lazima ofisini kwao wamebadilisha njia: zamani VPN ilibeba mambo ya ofisi tu, sasa inabeba kila kitu. Hata ombi la kwenda kwenye printa ya hapo mezani linapelekwa kwanza ofisini, na huko hakuna anayeijua.

Nilijua, na nikanyamaza karibu robo saa. Naona aibu hata kuliandika. Nilikuwa kama nasubiri mtu anisemee, na aliyekuwa ananisemea ndiye tunakwenda kumzika.

"Shangazi," nikasema, "zima VPN."

"Nikizima faili silipati. Lipo kwenye folda ya ofisi."

"Linakili kwanza kwenye laptopu yenyewe. Ndiyo uzime."

"Kumbe huyu ana mdomo," baba mdogo akasema.

"Mwache," shangazi akamwambia, huku ananakili.

Akazima. Printa ikakohoa, ikatoa kurasa tatu, za moto bado. Nje dereva alishaanza kupiga honi. Shangazi akanikabidhi zile karatasi, nikazishika kwa mikono miwili mpaka Suguti. Sikuzisoma. Nilitaka nisikie wakati mmoja na watu wengine.