Mifuko Minne ya Urea

Miaka kumi nilitunza karatasi moja ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya godoro, kwa uangalifu ambao hata cheti changu cha ndoa hakijawahi kuuona. Mke wangu alidhani ni hati ya kiwanja. Haikuwa hati. Ilikuwa stakabadhi ya mbolea, na nilikuwa nangoja siku ya kumrudishia mwenyewe.

Mwenyewe ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mkulima wa tumbaku kule Sibwesa. Siku niliyokwenda kuposa kwao nilikuwa sijui kusoma. Nisifiche. Herufi nilizifahamu kwa mbali, kama mtu unayemwona sokoni kila siku na hamjawahi kusalimiana. Barua ya posa niliandikiwa na jirani, akanisomea mara mia mbili, nikaikariri mpaka nukta zake. Kwa kawaida mwoaji haendi, anamtuma mshenga na barua, lakini baba mkwe alisema anataka kuniona sura. Nikaenda na koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifika magotini.

Mshenga wangu akatoa bahasha, baba mkwe akampa mwanawe aisome, maana ndiye aliyekuwa amesoma. Yule bwana akaifungua, akaitazama, akatabasamu.

"Barua nzuri jamani," akasema. "Hii lazima mwoaji atusomee mwenyewe, tumsikie sauti."

Akanikabidhi karatasi iliyokunjwa. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza: "Kwa heshima na taadhima, baba na mama, tumeona ua zuri limechanua nyumbani kwenu..." Nilisoma, nyie! Nilipandisha sauti, nikashusha, nikatua penye nukta, hata nikalamba kidole kana kwamba nageuza ukurasa. Nilipomaliza, shemeji akainyakua ile karatasi, akaiinua juu watu wote wauone muhuri wa duka.

"Urea," akasoma. "Mifuko minne. Imelipwa."

Alikuwa ameibadilisha. Barua yangu ilikuwa mfukoni mwake. Watu walicheka, kuna mama mmoja alianguka kutoka kwenye mkeka, na mkeka wenyewe uko chini tayari. Kuku wa uani walikimbilia pori la Ugalla na nasikia hawajarudi. Binti niliyekuja kumposa alijifunika khanga usoni, mabega yanatikisika, na mpaka leo anakataa kuniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Binti nilipewa. Baba mkwe alisema mtu anayeweza kukariri barua nzima hawezi kusahau njia ya kurudi nyumbani. Lakini nilipewa na jina. Kuanzia siku ile shemeji hakuniita kitu kingine. Msibani, Urea. Kwenye ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza, mbele ya padri: "Mpeni Urea ashike mshumaa." Ile stakabadhi nilikuwa nimeiokota nikaondoka nayo.

Nikajiandikisha masomo ya jioni hapa Shanwe. Wenzangu darasani walitaka udereva, wengine ukarani. Mimi nilitaka kisasi, na kisasi kinafundisha kuliko mwalimu. Nilianza a, e, i, o, u nikiwa na ndevu, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na upara. Siku hizi hakuna barua inayotoka mtaani kwetu bila mwandiko wangu.

Halafu shemeji, ambaye watu walishachoka kumuuliza ataoa lini, akapata mchumba Karema, kule ziwani. Wakwe wenyewe walipenda maneno yaliyopangika. Washenga wake wawili walirudishwa na barua zao, na akaambiwa wa tatu akishindwa, basi, asikanyage tena. Asubuhi moja nikamwona mlangoni kwangu na kuku kwapani.

"Shemeji," akaanza.

Nikangoja. Lile jina halikuja.

"Shemeji, uniandikie, uwe mshenga wangu. Nimekuja unishike mkono."

"Mkono upi? Ule ulionipa stakabadhi?"

"Aah, mambo ya zamani hayo. Wewe sasa ni msomi."

Msomi! Nilikubali kwa haraka hata kuku akashtuka. Mke wangu akanitazama. "Baba watoto, huo uso siupendi. Ukimharibia kaka yangu, utahamia bandani kwa huyo kuku."

Barua niliiandika, na ilikuwa tamu kama asali. Asubuhi ya safari nikaitia mfuko wa ndani wa koti, na kwenye bahasha nikatia stakabadhi. Wasome urea mbele ya ukoo mzima, na yeye aonje. Barua yenyewe ningeitoa baadaye, nikijisikia.

Hakuniamini, akaja mwenyewe. Alikaa kwenye kochi, bega kwa bega na shangazi wa binti, mama mzee mwenye neno la mwisho katika ile nyumba. Nikatoa bahasha kwa mikono miwili kumpa baba wa binti. Akaikataa kwa upole.

"Asome shangazi. Ndiye mkubwa wetu."

Shangazi akaichomoa karatasi. Shemeji akachungulia, akauona muhuri. Rangi yake ya maji ya kunde ikawa ya dagaa wakavu.

Shangazi akakohoa. "Kwa heshima na taadhima," akaanza, "tumeona ua zuri limechanua nyumbani kwenu..."

Maneno yale yale ya kila barua ya posa. Nikamtazama macho. Hayakutembea. Yalitulia pale pale penye muhuri, mdomo ukaenda peke yake. Nilimjua kama fundi anavyomjua fundi mwenzake. Alitua penye nukta. Akalamba kidole.

Kicheko changu nikakimeza. Neno langu moja lingetosha: shemeji angekosa mke, na yule mama angepewa jina la kuzikwa nalo. Shemeji naye alinitazama, jasho linamtiririka. Akisema, amemwaibisha shangazi na mke hana. Akinyamaza, ameposa kwa mbolea.

Nikasimama nikapiga makofi. "Shangazi, umeisoma kuliko nilivyoiandika! Shemeji, mbona hupigi makofi?"

Akapiga. Nilimwacha apige mpaka viganja vikawasha.

"Barua ya maana hii," shangazi akasema, akaifunga kwenye pindo la khanga. "Nitaitunza mwenyewe." Posa ikapokelewa. Tukaletewa ugali na migebuka, na shemeji alikula samaki na miiba yake.

Njiani kurudi akasimamisha bodaboda tuliyopanda. "Nipe barua yangu."

Nikagusa koti. "Ipo. Itabaki ilipo."

Tangu siku hiyo naitwa shemeji, tena kwa adabu. Nikienda kwao nangoja anywe soda, halafu namuuliza mkewe: "Hivi ile barua yenu ya posa, shangazi bado anayo?"

"Anayo! Anasema mtoto wetu akijua kusoma, ndiye atakayetusomea mbele ya watu."

Soda inamtoka shemeji puani. Kabla siku hiyo haijafika nitakwenda Karema, nimpe shangazi barua halisi kimya kimya, asiaibike mzee wa watu. Lakini shemeji hajui hilo, na nyie msimwambie. Mtoto yuko darasa la awali. Kila Jumamosi naenda kumfundisha silabi mimi mwenyewe, bure, na baba yake ndiye anayenifungulia mlango.