Mchicha wa Chini ya Tuta la Shabaha

Mwishoni mwa miaka ya sabini, pale bandarini Mahajanga, mke wangu alilima mchicha chini ya tuta ambalo askari walilitumia kwa mazoezi ya shabaha. Yeye mzaliwa wa kisiwa cha Nosy Be, na wali bila mboga hali, lakini hilo tuliache. Mimi mvuvi niliokota humo risasi, niziyeyushe nipate chubwi za kuzamishia nyavu.

Bwana shamba akaja, akasema risasi zile zimetia udongo sumu.

"Mama, tia samadi. Huishika sumu, isipande sana kwenye majani."

"Huiondoa?"

"Haiiondoi."

"Wewe ungekula?"

Akacheka, akaangalia viatu vyake.

Kila masika mvua iliimaliza samadi udongoni, mke wangu akabeba nyingine kichwani. Kiwanja kingine hatukuwa nacho. Tukala mchicha ule, kila mmoja akimtazama mwenzake anavyotafuna.