Jina Ambalo Mwahija Hakulitamka

Mbuzi wa akika alikuwa ameshachinjwa, na watu wamejaa barazani kwa Pazi, pale Kinjumbi. Kilichobaki ni jina la mtoto, na jina lilingojwa kwa babu yake, Mzee Mudathiri.

"Mnangoja nini?" akasema Maimuna, dada wa mzee. "Wa kwanza wa kiume huchukua la babu. Mudathiri mdogo huyo. Tazameni masikio, mapana kama ya mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa anamtazama Nasma, mke wa Pazi, aliyempakata mtoto. Mwanamke hamtaji baba mkwe wake. Mtoto akiitwa Mudathiri, Nasma hatamwita mwanawe kwa jina mpaka anaingia kaburini.

Kama Mwahija, marehemu mke wa mzee.

Pazi lilikuwa jina la baba wa mzee. Jina la wakubwa hilo, na mzee aliona fahari kumpa mwanawe. Mwahija akaomba, "Mpe na la pili basi, nami nipate la kumwitia." Akamjibu, "Moja linatosha." Basi Mwahija akamwita mwanawe "Baba" maisha yake yote. Hata siku mtoto alipopotea kwenye mikorosho, wenzake walipaza jina, yeye alilia tu, "Baba! Baba!"

Mwaka jana, akiwa hoi kitandani, alisema, "Niitie yule."

Mzee alijua ni nani. Lakini alitaka kulisikia jina lile kinywani mwake, japo mara moja. "Mtaje," akamwambia. "Nimekuruhusu." Mwahija akatikisa kichwa. "Mtaje, mke wangu." Wakavutana hivyo, na Pazi yuko uani tu, anapasua kuni. Alipoitwa, mama yake kauli imeshamkatika.

Hilo Pazi halijui mpaka leo.

"Baba, tunakungoja wewe," Pazi akasema.

"Mwulizeni mama yake."

"Mimi, baba?" Nasma akashtuka.

"Wewe ndiye wa kumwita."

Nasma akainama. "Yassini," akasema, kwa sauti ndogo.

Maimuna akapiga kofi. "Makubwa! Kaka, jina lako unalizika mwenyewe?"

"Lizikwe."

Pazi akatoka nje amenuna. Aliona baba yake kamkataa mjukuu. Mzee akamwacha aende. Kumweleza hili ni kumweleza na lile, na lile hakuwa na mdomo wa kulisema.

Nasma alikuwa amemwinamia mtoto. "Yassini," akamwita. "Yassini wangu."

Mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso.